Fani na Maudhui ya Pikapu Iliyoshushwa

Wapo watakaouliza ni tangu lini gari likahakikiwa. Riwaya huhakikiwa, tamthilia huhakikiwa, hata ngoma na vinyago vina wahakiki wake. Lakini pikapu, watasema, huhitaji fundi, haihitaji mhakiki. Kwa hao ninalo jibu la kuanzia. Mwaka 1955 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilionyesha mjini Paris gari liitwalo DS, ambalo halikukalia springi za chuma bali lilikalia mafuta na gesi iliyobanwa. Likizimwa lilishuka taratibu kama ng'ombe anayelala, na likiwashwa liliinuka. Miaka miwili baadaye mhakiki Roland Barthes aliliingiza gari hilo katika kitabu chake Mythologies, akalijadili kwa uzito uleule ambao wengine wanautumia kujadili makanisa makubwa ya kale. Ikiwa mhakiki wa Paris aliruhusiwa, mzee wa Lipangalala naye asizuiwe.

Isitoshe, jambo lenyewe kwangu si la nadharia. Ukoo wetu una pikapu moja, Hilux ya kabini moja, tuliyoichangia ndugu watatu, na dereva wake ni mjukuu wangu. Kijana huyu ameniletea ombi. Anataka springi za nyuma zitolewe, iwekwe mifuko ya hewa, ili pikapu iweze kushushwa kwa kubonyeza kitufe hata tumbo lake likaribie kugusa ardhi, kisha ipandishwe tena inapotakiwa kwenda. Amepiga hesabu ya gharama na kuniambia kwamba magunia 60 ya mpunga yanatosha. Wenzangu wawili wamesema, "Mwalimu ndiye msomi, aamue yeye." Nami sijui kuamua jambo bila kwanza kulihakiki, na katika uhakiki sikufundishwa njia nyingine zaidi ya ile niliyowafundisha walimu wanafunzi kwa miaka mingi: tazama fani, tazama maudhui, kisha uulize kama viwili hivyo vinajuana.

Tuanze na fani, yaani kazi yenyewe ilivyosukwa. Springi ya nyuma ya Hilux ni mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yamefungwa pamoja katikati na kupindwa kama upinde. Watu wengi hudhani kazi yake ni moja tu, kubeba uzito. La hasha. Springi hiyo pia ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Ndiyo inayoizuia isiende mbele wala nyuma gari linapokanyagiwa mafuta au breki, wala kuyumba kushoto na kulia kwenye kona. Chuma kimoja kinafanya kazi mbili, na hakina bomba wala waya. Kama ni shairi, basi ni lile shairi fupi ambalo ukiondoa neno moja beti zote zinaanguka.

Mfuko wa hewa, kwa upande wake, ni mpira mnene wenye nyuzi ndani yake, unaokaa kati ya chesisi na ekseli. Unajazwa upepo na kompresa ndogo inayokula umeme wa betri. Upepo huo hutunzwa kwanza kwenye mtungi, kisha hupelekwa kwenye mifuko kupitia mabomba membamba na vali. Ukifungua vali ya kutoa, upepo unapiga mluzi, gari linashuka. Mfuko huo unajua kubeba, tena unabeba vizuri, lakini haujui kushika. Kwa hiyo ukiitoa springi ya chuma, ekseli inabaki kama mlango usio na bawaba. Ndiyo maana fundi analazimika kutengeneza mikono ya chuma, aghalabu minne, ya kuifunga ekseli kwenye chesisi upya. Na kwa kuwa gari litashuka sana, ekseli itagonga chesisi; basi chesisi yenyewe inakatwa juu ya ekseli na kuchomelewa pande lililopinda kama daraja ili ekseli ipate pa kupandia. Msomaji auone ukubwa wa jambo: kitu kinachoitwa kwa wepesi "kushusha gari" ni kuukata uti wa mgongo wa gari na kuuunga tena.

Hata hivyo nisiwe mchoyo wa sifa. Ndani ya mfuko ule mna elimu nzuri kabisa. Kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662, ambayo kila mwalimu wa sayansi ameifundisha kwa pampu ya baiskeli, inasema kwamba hewa ukiibana mpaka ikabaki nusu ya nafasi yake, bila kubadilisha joto, mgandamizo wake unakuwa mara mbili. Maana yake ni kwamba mfuko hauwi mgumu kwa kiasi kilekile wakati wote. Mzigo ukiwa mdogo ni laini. Kadiri unavyokandamizwa ndivyo unavyokaza. Anayetaka kuonja utamu wake asiende mbali. Mengi ya mabasi mapya ya safari ndefu yanakalia mifuko ya namna hiyo, na ndiyo sababu wazee kama mimi tunashuka Dar es Salaam viuno vikiwa bado vyetu. Mafundi wa mabasi na madereva wao huziita springi za upepo, na mimi nalipenda jina hilo.

Lakini basi halikuwekewa upepo ili lilale chini. Liliwekewa ili lisishuke! Vali yake hupima kimo, abiria wakijaa inaongeza hewa, wakishuka inapunguza, na sakafu inabaki palepale. Pikapu ya mjukuu wangu inatumia chombo kilekile kwa shabaha iliyo kinyume. Hapo ndipo lazima tuache fani kwa muda na kuuliza maudhui yametoka wapi.

Yametoka California, nchini Marekani, na yana historia ya heshima kuliko wengi wanavyofikiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wenye asili ya Meksiko waliokaa Los Angeles walianza kuyashusha magari yao makuukuu. Wengine waliweka mifuko ya mchanga kwenye buti, wengine walikata springi. Vijana wengine wa Marekani wakati huo walitaka magari ya mbio. Hawa wakataka gari liende chini na polepole, barabarani, mbele za watu, likiwa limepakwa rangi kama kanga ya sikukuu. Mtu aliyedharauliwa mahali pa kazi alijitwalia barabara ya Whittier jioni ya mwisho wa juma, na hakuna aliyeweza kumpita haraka. Serikali haikufurahi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1958, sheria ya magari ya California ilikataza gari lililobadilishwa hata sehemu yoyote ya bodi ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa ringi zake. Mwaka 1959 mtu mmoja, Ron Aguirre, akafunga kwenye Corvette yake pampu za mafuta za kutoka kwenye ndege. Akimwona askari, anainua gari, sheria imetimizwa. Askari akipita, gari linarudi chini.

Hebu tulitazame tendo hilo kwa jicho la mhakiki. Kitufe kile hakikuwa pambo. Kilikuwa jibu. Kulikuwa na sheria, kulikuwa na askari, kulikuwa na mtu asiyetaka kugombana wala kutii, na chombo kikabuniwa kinachosema yote mawili kwa pamoja. Fani na maudhui vilizaliwa siku moja. Baadaye vijana wa huko walihamia kwenye pikapu ndogo za Kijapani, za Datsun, Mazda na Toyota, kwa sababu zilikuwa rahisi kununua, na katika miaka ya 1990 mifuko ya hewa ikashika nafasi kubwa pale palipokuwa na mafuta na springi zilizokatwa. Pikapu walizozilaza chini ni ndugu wa damu wa zile tulizozijaza mpunga huku. Sheria yenyewe iliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2024, na nashuku kwamba hata huko California kitufe kimeanza kupoteza mpinzani wake. Lakini hayo wayahakiki wao.

Sisi nasi hatukukosa sanaa ya kubadilisha pikapu. Waliokaa Dar es Salaam katika miaka ya 1980 wanazikumbuka zile zilizoitwa chai maharage: pikapu iliyofunikwa juu, mabenchi mawili ubavuni, abiria wametazamana magoti kwa magoti kama walioketi mezani kunywa chai. Kenya pikapu za Peugeot 404 zilivalishwa bodi na kuwa matatu. Hakuna aliyechora michoro. Usafiri ulikuwa haba, watu walikuwa wengi, fundi seremala na fundi wa kuchomelea wakakutana, na jina likatoka kwa abiria wenyewe. Kwangu jina hilo peke yake ni uhakiki uliokamilika.

Na huku bondeni tunayo sanaa nyingine, ya kuongeza mapande ya springi. Pikapu ikifika tu kutoka mjini, mwenye nayo anaipeleka gereji iongezewe pande moja, mawili, hata matatu, ili ibebe kuliko ilivyoandikiwa. Matokeo yake tunayaona kila siku katika barabara za Ifakara: Hilux tupu imeinua makalio kama bata anayezamia, kila tuta inaruka, na kila aliyekaa nyuma anashikilia kofia. Sipendi umbo hilo. Nalitaja ili mjukuu wangu asidhani kwamba namtetea mzee mwenzangu aliyeongeza vyuma. Naye amekosea uwiano, kwani springi ya mapande mengi hailaini mzigo ukitoka, na pikapu inayotembea nusu ya siku zake ikiwa tupu inaadhibiwa nusu hiyo yote. Walakini, kosa lake linaeleweka kwa anayelitazama. Makalio yale yaliyoinuka yanasema, "Nasubiri mzigo." Umbo limekosea kiasi, halikukosea neno.

Sasa turudi Lipangalala. Miaka 10 iliyopita ombi la kijana huyu lisingewezekana hata kufikiriwa. Kutoka Kidatu kuja Ifakara ilikuwa vumbi na mashimo wakati wa kiangazi, na tope wakati wa masika. Aliyetaka kwenda Mahenge alipanda kivuko mtoni Kilombero, na pikapu iliyolazwa chini ingekwama kwenye ulimi wa kivuko kabla haijaingia majini. Daraja la mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilometa 67, ilizinduliwa mwaka 2024. Kijana wa leo ameanza kuiona barabara kuwa kitu laini, kitu ambacho mtu anaweza kukikaribia. Namwelewa. Sisi tuliijua barabara kuwa adui, tukainua magari juu yake; yeye anataka kuisogelea. Nadhani hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika ombi lake, ingawa yeye mwenyewe hakulisema.

Nilipomweleza kwamba huko California gari lilishushwa kumjibu mtu, nikamuuliza, "Wewe hapa unamjibu nani?" akanijibu kwa adabu lakini bila kusita: "Babu, mbona wewe unapiga pasi suruali ya kwenda shamba? Unamjibu nani?"

Ni jibu zuri, nami nalinukuu kwa sababu lina uzito. Mtu ana haki ya kupendeza bila kutoa sababu. Kama kila pambo lingedaiwa hati ya matumizi, tusingekuwa na nakshi mlangoni wala shanga shingoni. Pia alikuwa na hoja ya uchumi. Bodaboda na bajaji zimetuchukulia mizigo midogo yote. Baada ya mavuno pikapu hukaa miezi ikiota kutu chini ya mwembe. Pikapu inayojilaza na kujiinua ingeitwa kwenye maharusi, ingebeba spika, ingepigwa picha. Anasema wapo wenzake mjini wanaolipwa kwa hayo, na sina sababu ya kumkatalia.

Bali suruali yangu iliyopigwa pasi bado inapiga magoti kung'oa magugu. Hapo ndipo ulinganifu wake unapoachia. Pikapu iliyofanyiwa kazi hii haipambwi juu ya umbile lake, inabadilishwa umbile. Ikiwa chini, haiwezi kubeba kitu, maana ekseli imeshamaliza nafasi yake ya kupanda. Ikiwa juu, inategemea mpira, vali, mabomba, waya na betri, pamoja na ustadi wa aliyechomelea ile mikono minne. Kwenye lami hayo yote yanaweza kudumu miaka. Lakini shamba letu haliko kwenye lami. Kutoka nyumbani kwenda huko ni njia ya udongo wa bonde, ule unaonata kama ugali mbichi mvua ikinyesha na kupasuka kama kigae jua likiwaka. Mto Lumemo ukifura, maji huja yenyewe kututembelea huku Lipangalala. Tope likikauka kwenye mkunjo wa mpira husugua kama msasa. Kijiwe kimoja kikinaswa kati ya mfuko na chesisi kinatosha.

Tena mfuko ukipasuka hausemi "kesho." Springi ya chuma ikivunjika pande moja, yapo mengine, nimeona Hilux ikirudi kutoka porini na springi iliyofungwa kwa kipande cha gogo na mpira wa tairi kuukuu, ikiwa na mzigo wake wote. Mfuko uliopasuka unaliacha gari limelala hapohapo, upande mmoja, na gunia za juu zinaanza kuteleza. Mafundi wa mabasi wenye ujuzi wa kazi hiyo wako mijini na spea zao ziko mijini. Na pikapu yetu, ijapokuwa haikuandikwa ubavuni, ndiyo gari la wagonjwa la mtaa. Sihesabu mara ambazo mlango wangu umegongwa saa 8 usiku, na mtu amesimama nje hasemi mengi, anasema tu, "Mwalimu, gari lipo?" Mama anayejifungua hawezi kungojea kompresa ijaze mtungi.

Hukumu yangu basi, kwa lugha ya darasani, ni hii. Kazi hii ni nzuri kwa fani, ina maudhui yenye heshima mahali ilikozaliwa, lakini kuihamishia kwenye pikapu hii moja ni kuitafsiri neno kwa neno. Laiti tungekuwa na magari mawili, ningesema moja lishushwe hata ardhini na mimi ningepanda siku ya harusi. Tunalo moja. Wala sikubaliani na wanaosema huu ni uhuni wa vijana. Nimewasikia kijiweni, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia springi hufanya kazi ngapi.

Tafsiri iliyo bora ipo, na fundi mmoja wa hapa aliwahi kuiona kwenye malori madogo. Springi za chuma zinabaki mahali pake, zinaendelea kushika na kubeba; juu yake, kati ya springi na chesisi, unawekwa mfuko mdogo wa hewa kila upande, wa kusaidia tu. Mzigo ukipakiwa unajaza upepo, hata kwa pampu ya kawaida ya tairi, na pikapu haizami nyuma. Mzigo ukishuka unapunguza, safari ya kurudi inakuwa laini. Chesisi haikatwi. Mfuko ukipasuka, springi ya chuma iko palepale na mtu anarudi nyumbani. Faida ya pili ni kwamba tunaweza kuyatoa yale mapande mawili ya ziada aliyoyaongeza mwenye gari wa kwanza, na makalio yatashuka. Si kwa kiasi anachokitaka mjukuu wangu. Yatashuka sentimeta chache, pikapu isimame sawa na ardhi kwa mara ya kwanza tangu tuinunue.

Tulikubaliana hivyo baada ya siku tatu za mabishano, na gharama imeteremka kutoka magunia 60 hadi 12. Mwenzangu mmoja alitaka yaliyobaki yauzwe mara moja kabla kijana hajabadili mawazo. Nikakataa, bei ya mpunga ilikuwa bado chini. Mifuko imeagizwa kwa mtu wa Dar es Salaam. Fundi ametuonya kwamba isiachwe bila upepo kabisa hata pikapu ikiwa tupu, maana mpira usio na hewa hujikunja vibaya na kusagika wenyewe, hivyo kijana ameshanunua kipimo cha upepo na anakitembeza mfukoni kama daktari anavyotembea na kipimajoto. Rangi nimemwachia yeye. Amechagua zambarau. Siipendi hata kidogo, lakini haigusi ekseli.